Injini ya Beetle imegoma kuingia baada ya klachi mpya? Usiivute na nati

Mkubwa hiyo shida naijua vizuri sana, na kabla hujaendelea mwambie fundi wako aweke spana chini kwanza. Umesema klachi pleti mpya ishafungwa, injini ya Volkswagen Beetle yako ya 1969 imesukumwa na jeki mpaka imebaki nafasi kama ya kidole, hapo imegoma, na sasa fundi ataka atie zile nati nne azikaze taratibu injini iingie yenyewe. Hapana. Wallahi hapana. Injini ya Beetle ikiwa kila kitu kimekaa sawa yaingia kwa mikono, waisukuma huku waitikisa kidogo mpaka inagota kwa gia boksi, zile nati kazi yake ni kuishika si kuivuta. Ikigoma ujue kuna kitu hakijakaa, na mara nyingi ni hiyo pleti haiko senta.

Sikiza, pleti yenyewe haishikwi na bolti hata moja. Imebanwa tu kati ya flaiwili (lile gurudumu zito la chuma mwishoni mwa injini) na presha pleti (kile kifuniko chenye springi kinachoibana), kwa hivyo wakati wa kufunga iko huru, waweza kuisogeza na kidole. Ukishakaza presha pleti basi, pale ilipo ndo imekwama hapo hapo. Sasa shafti ya gia boksi yatakiwa ipite kwa meno ya katikati ya pleti alafu ncha yake iingie kwa pailoti beringi, ambayo kwa Beetle imo ndani ya ile nati kubwa inayoshika flaiwili. Kwa hivyo ni matundu mawili yaliyofuatana na shafti ni moja, na pleti ikishuka milimita mbili tatu tu (na itashuka, uzito wake wenyewe waivuta chini) basi shafti yapita kwa meno lakini ncha yagonga ukingo wa beringi. Hiyo ndo nafasi ya kidole unayoiona.

Umeuliza kama lazima ununue ile pini ya kuwekea senta. Pini ni lazima, kununua si lazima. Zile za plastiki zinazokuja na klachi nyingine hufaa, ila ziangalie kwanza, ikiwa yacheza ndani ya beringi haikusaidii kitu. Kitu bora kabisa ni shafti yenyewe ya gia boksi iliyokufa, uliza kwa wanaovunja magari, wakikukatia kipande cha mbele umepata pini ya maisha. Mimi yangu ni ya mvule, seremala mmoja wa Majengo hapa Mombasa alinikerezea kwa vipimo viwili, ncha nyembamba ya kuingia kwa beringi na sehemu nene ya kujaa kwa meno ya pleti, na naitumia mpaka leo. Hata mti wa fagio ukiuzungushia tepu ya karatasi mpaka ujae bila kucheza utafanya kazi sawa sawa.

Wakati wa kufunga, zile bolti sita za presha pleti ziingize kwa vidole tu, tia pini, alafu kaza kwa kuvukanisha, hii nusu raundi, ya mkabala nusu raundi, usimalize upande mmoja ukaenda mwingine manake utaipinda presha pleti. Na hapa ndo wengi huharakisha: kila ukimaliza mzunguko mmoja itoe pini na uirudishe. Yatakiwa iteleze bila kushikilia. Ikianza kubana upande mmoja legeza, sogeza pleti, endelea. Mwisho toki renchi, ile spana ya kupimia nguvu ya kukaza, 25 Nm, basi, si zaidi. Alafu toa pini, washa tochi, uchungulie shimo uso kwa uso. Utaona duara la sindano za beringi kule ndani, mbele yake meno ya pleti, na kwa hiyo ya 69 kuna ringi ya presha pleti mbele kabisa. Yale meno yawe na ukingo sawa juu, chini, kulia na kushoto ukilinganisha na duara la beringi. Ukiona chini kumejaa na juu kuko wazi, pleti imeanguka, rudia. Kuna mafundi wazee hapa mjini wanaoweka kwa jicho na kidole pekee na yaingia mara ya kwanza, nawaheshimu sana, lakini ukiwa umelala chini ya gari jioni na jasho laingia machoni, tumia pini.

Kwa nini nasema usivute na nati: haya magari ni magumu, yameshinda Safari Rally zaidi ya mara moja mpaka ile ya 1962, lakini pleti ni bati jembamba limepigwa ribiti kwa kitovu chake. Ukivuta, au ukiacha injini ya karibu kilo mia ining'inie kwa shafti wakati jeki imeshuka kidogo, ile bati yajipinda. Nilifungua moja ya rafiki yangu kule Kisauni iliyovutwa namna hiyo kwa gereji fulani. Kitovu kilikuwa na alama ya kung'aa upande mmoja kama mwezi mchanga, meno ya mwanzo yamesagika ncha, na tulipoilaza pleti juu ya kioo ikawa yayumba. Pleti mpya kabisa. Gari ukikanyaga klachi mpaka chini bado lataka kwenda, na rivasi haingii bila kelele. Pesa zote zikaenda mara ya pili.

Kwa hiyo shusha injini, fungua, weka senta upya. Na kwa kuwa ishashuka angalia haya mambo, hasa sisi wa pwani. Meno ya shafti hushika kutu kwa hii hewa ya chumvi, yapige brashi ya waya, pangusa, paka grisi nyembamba sana, alafu ivalishe pleti mpya kwa shafti kwa mkono kabla hata ya kuifunga. Ikikataa hapo hata senta ya namna gani haitasaidia. Linganisha upana na ile ya zamani pia, ziko za milimita 180 na za 200. Upande wa kitovu uliotokeza zaidi uangalie gia boksi, sio flaiwili. Pailoti beringi yataka grisi kidogo tu, ukiijaza itarushwa kwa pleti. Sili ya oili nyuma ya flaiwili ikiwa yavuja badilisha sasa, na ile nati kubwa yakazwa 343 Nm, hiyo si ya kukisia kwa nguvu za mkono.

Na hii muhimu kwako: gari za kabla ya modeli za 1971 zatumia presha pleti yenye ringi katikati, za baadaye hazina ringi kwa sababu gia boksi yake ina bomba la kuongoza rilizi beringi, ile beringi inayosukuma presha pleti ukikanyaga klachi. Duka laweza kukupa yoyote wakakwambia ni ile ile. Si ile ile.

Wakati wa kurudisha, angalia nafasi kati ya injini na gia boksi. Juu ikiwa pana kuliko chini, au kinyume, rekebisha jeki. Ikiwa sawa kote na bado imegoma, tia gia ya nne, mtu azungushe puli ya injini kidogo na spana huku wewe wasukuma, meno yatakutana.

Wale waliokwambia pleti isipokaa senta gari litatetemeka, sikubaliani nao. Shafti ikishaingia, ukikanyaga klachi mara ya kwanza tu pleti yafuata shafti. Kutetemeka ni oili kwa pleti, pleti iliyopinda, mipira ya injini iliyochoka, au ile paipu ya kebo ya klachi ambayo yatakiwa ilegee kwa tao la milimita 25 mpaka 45, ikinyooka sana gari laruka ruka ukiondoka.

Ukimaliza rekebisha nati ya kipepeo iliyo mwisho wa kebo ya klachi mpaka pedali icheze milimita 10 mpaka 20 kabla ya kushika. Na mwanzo mwanzo kwa foleni ya feri Likoni usilishikilie gari kwa klachi pale mteremkoni, vuta breki ya mkono, ukitembea kilomita 500 hivi pima tena huo mchezo wa pedali.