Wifi yako anamtendea haki mumeo kuliko wewe

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 49, naishi Tabata na mume wangu, fundi cherehani mwenye miaka 58, ambaye anaumwa ugonjwa wa Parkinson kwa mwaka wa nne sasa. Ninamlisha, ninamvalisha, ninampokelea simu zake, na wageni wakija ninampeleka chumbani asisumbuliwe. Cherehani tuliiuza ili apumzike. Sioni shukrani. Tangu iuzwe amenuna, hacheki, usiku ananipiga mateke, na asubuhi anatembea vizuri lakini ikifika adhuhuri anaganda mlangoni kama nguzo, hata nahisi ananifanyia makusudi. Wifi yangu wa Mbagala huja kila Jumamosi, humtembeza hadi gengeni na kumwachia amenye viazi, na mwezi uliopita mume wangu alianguka akiwa naye. Nikisema, ananijibu kwamba ninamzika kaka yake akiwa hai. Nataka asije tena. Nifanyeje?

Mama wa Tabata

Marahaba, mwanangu. Miaka minne ya kumuuguza mtu usiku na mchana si mchezo, na pole nakupa kwa moyo mmoja. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipoisoma nilimwona mtu aliyeumia zaidi yako, naye hakupewa nafasi ya kuandika hata mstari mmoja.

Umesema cherehani "tuliiuza". Wewe na nani? Mtu aliyekubali kuuza chombo chake cha kazi hanuni tangu siku kilipotoka mlangoni. Mwanamume aliyewavisha watu suti za harusi kwa mikono yake aliamka akakuta kona yake tupu, akaambiwa ni kwa faida yake, nawe unashangaa hakukushukuru. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwa mumeo hata koleo lilikuwa halijavunjika. Mkono unaotetemeka unaweza kushindwa kutunga uzi, lakini jicho la fundi linaendelea kupima, kuchagua kitambaa na kumwelekeza kijana anayejifunza kazi.

Hata hivyo, si kila unachokiona usoni mwake ni kununa. Ugonjwa huu, ambao daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza mwaka 1817, hutokana na kufa kwa chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Dopamini ikipungua, mwili hukakamaa na kuwa mzito, na misuli ya uso nayo haiachwi, kwa hiyo mtu anaweza kufurahi moyoni huku uso umetulia kama ukuta. Mateke ya usiku nayo usiyachukulie kuwa ugomvi, kwa sababu wengi wenye ugonjwa huu hutenda kwa mikono na miguu kile wanachokiota. Mweleze daktari habari hiyo, na kitandani weka mto katikati yenu.

Sasa tuje kwenye hayo "makusudi", maana hapo ndipo uliponikasirisha. Umeniandikia mambo mengi, lakini hakuna mahali ulipotaja saa za dawa. Ikiwa mumeo anatumia levodopa, ambayo ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huu, ajue yeye na ujue wewe kwamba kadiri miaka inavyokwenda nguvu ya kila kidonge huweza kwisha mapema zaidi, na inapokwisha mtu aliyetembea asubuhi huganda adhuhuri bila kupenda. Kidonge kikichelewa kwa sababu foleni ya daladala imekuchelewesha, atakayelipa ni miguu yake. Tena kikinywewa pamoja na sahani ya nyama au maharage, protini ya chakula hushindana na dawa kuingia mwilini, ndiyo maana wengi hushauriwa kumeza nusu saa hivi kabla ya kula. Andika kwa wiki mbili saa anazomeza na saa anazoganda, kisha peleka karatasi hiyo kwa daktari wake wa mishipa ya fahamu. Usizidishe kipimo wala usikatishe dawa kwa uamuzi wako, kwa maana kuiacha ghafla ni hatari.

Akiganda mlangoni, usimvute, kwa sababu kumvuta ndiko kunakomwangusha. Mwache asimame, ahesabu moja, mbili, tatu, kisha ainue mguu kana kwamba anavuka mfereji. Utepe wa rangi uliobandikwa sakafuni huwasaidia wengi. Ondoa mikeka inayoteleza, mnunulie viatu vilivyofunika kisigino badala ya kandambili, na taa ya kwenda msalani isizimwe.

Mgonjwa alianguka mara moja akiwa na wifi yako, na kwa hilo wifi aongeze uangalifu. Lakini kutembea na kumenya viazi ni sehemu ya matibabu, kwani mazoezi huusaidia mwili huu uliokakamaa. Wewe unayemfunga vifungo ili mmalize haraka ndiye unayemzoeza kutoweza. Na huku kumpeleka chumbani wageni wakija, mwanangu, nakuuliza bila kuficha: anayeona aibu ni yeye au ni wewe? Bondia Muhammad Ali aligunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1984, na mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta huku mkono ukimtetemeka mbele ya dunia nzima. Aliishi mpaka 2016.

Ndoa nyingi za siku hizi zimemfanya mume kuwa mshahara, na mshahara ukikatika anageuzwa mtoto wa kulishwa na kujibiwa simu. Mumeo hakukuoa ili umlee. Alikuoa mshauriane, na mashauriano hayajaondolewa na daktari yeyote.

Jumamosi wifi yako akifika, mfungulie, mkabidhi dawa na saa zake, kisha wewe nenda kwenye kikoba chako au ukalale kwa dada yako, kwa sababu na wewe umechoka. Ukirudi jioni, mwombe mumeo radhi kwa ile cherehani na umuulize kama anataka nyingine. Sauti yake huenda imekuwa ndogo, kwa hiyo zima televisheni kwanza, uketi karibu naye, na umsubiri ajibu mwenyewe hata kama jibu litachukua dakika nzima.