Nilipima saa, nikadhani nimepima bahari

Kila mwaka, vijana wanaokaribia kumaliza shahada ya kwanza hunitumia ujumbe wa aina moja: "Mwalimu, nataka kufanya utafiti wa bahari na kaboni, nianzie wapi?" Wengi hutarajia niwatajie chuo au mfadhili. Mimi huwasimulia nilivyouharibu mwaka wangu wa kwanza.

Nilikuwa kwenye uzamili. Nikapewa kipima pH kipya (pH ni kipimo cha tindikali ya maji; ikishuka, tindikali imezidi) na hela ya kukodi boti, nikaenda Chwaka, mashariki mwa Unguja. Ghuba ile kina chake ni kifupi, chini kumejaa majani ya bahari, pembezoni kuna mikoko na mashamba ya mwani. Kazi yenyewe ilielezeka kwa sentensi moja: pima pH ya maji mara mbili kwa mwezi, uone inavyobadilika kati ya kusi na kaskazi. Mwaka ulipoisha nikachora grafu, nayo ikatoka nzuri mno. Kusi pH iko chini, kaskazi iko juu, tofauti karibu 0.3. Nikaiandikia kurasa kumi na moja za maelezo, mikondo, mvua, joto la maji, vyote nikavitia humo.

Aliyeibomoa ni nahodha wetu. Nilikuwa namwonyesha kwenye simu, majigambo tu, akaitazama kidogo akauliza: "Hizi za chini si zile siku tulizokuwa tunatoka alfajiri?"

Nikafungua daftari. Kweli. Wakati wa kusi upepo ulikuwa ukikaza mchana na bahari kuchafuka, kwa hiyo tulichagua siku ambazo maji yanajaa asubuhi, saa moja tuko kituoni. Kaskazi hatukuwa na haraka hiyo. Tulikula kwanza, tukatoka baada ya adhuhuri.

Anayejua kaboni inavyozunguka majini ameshaona nilipoangukia. Mchana, majani ya bahari huchukua kaboni dioksidi iliyoyeyuka majini kujitengenezea chakula. Gesi ikipungua, pH hupanda. Usiku hakuna jua na kila kilicho hai kinapumua, gesi inarundikana, pH inashuka hadi karibu na mapambazuko. Penye maji machache na majani mengi, kupanda na kushuka huko kwa siku moja tu kunaweza kuzidi kwa mbali 0.1. Na hiyo 0.1 ndiyo iliyopungua kwenye uso wa bahari za dunia tangu zama za viwanda zianze, kutoka takribani 8.2 hadi 8.1. (Msiidharau. Kipimo cha pH hakipandi kwa hatua sawa kama cha rula, 0.1 hiyo ni ongezeko la tindikali la karibu asilimia 30.) Mimi nilikuwa nimepima saa tulizoamka, basi.

Tasnifu ilichelewa miezi saba. Katika miezi hiyo ndipo nikasoma vizuri habari za Charles David Keeling, mwanasayansi wa Marekani. Watu wanamjua kwa vipimo vya mlima Mauna Loa, Hawaii, alivyoanza mwaka 1958 akikuta kaboni dioksidi hewani ni sehemu 313 katika milioni; leo zimevuka 420. Kilichonigusa mimi ni cha nyuma yake. Mwaka 1955 alipiga kambi Big Sur, California, akawa anachota hewa kwenye chupa za kioo kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Akaona usiku gesi inapanda, na alasiri, hewa ikishachanganyika, inarudi kwenye kiwango kilekile karibu kila alikokwenda. Kabla hajagusa swali la miaka, alikuwa amemaliza swali la saa. Mwaka 1964 fedha zilikatwa na vipimo vya Mauna Loa vikasimama kwa muda. Pengo lile liko kwenye mchoro hadi leo. Alifariki 2005, na mwanawe Ralph ndiye anayeendeleza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza: kabla hujaandika neno "tabianchi" kwenye andiko la mradi, kaa kituo kimoja saa 24. Tulifanya hivyo baada ya aibu ile, mimi na nahodha, chupa ya chai na mkate wa kumimina. Kila saa napima, naandika na hali ya maji, yanajaa au yanakupwa. Ilipofika saa tisa usiku nilikuwa natetemeka kwa baridi na namba zinashuka pole pole mbele ya macho yangu. Hakuna mhadhara ulionifundisha kaboni kuliko usiku ule.

La pili, msikimbie kemia. Wengi huku tunaingia kwa mlango wa samaki na matumbawe, tukiona milinganyo tunageuka. Hesabu ya kaboni majini ina vipimo vikuu vinne: pH, alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili tindikali), jumla ya kaboni isokaboni iliyoyeyuka (gesi yenyewe pamoja na chumvi zake), na shinikizo la kaboni dioksidi. Ukipata viwili kwa usahihi, pamoja na joto na chumvi, vingine viwili unavikokotoa. Kwa usahihi, nasema. Sampuli yake haichotwi kama maji ya kisima. Mpira unaingia hadi kitakoni mwa chupa ya kioo, maji yanapanda taratibu bila povu, yanaachwa yafurike, unapunguza kidogo juu, kisha unatia matone ya kloraidi ya zebaki kuua vijidudu. Usipoviua, vitaendelea kupumua humo chupani njia nzima hadi maabara, na utakachopima ni pumzi zao. Zebaki ni sumu: glavu mkononi, na masalia yake hayamwagwi kwenye sinki wala baharini.

Kuhusu ajira sina mengi. Mikataba ni mifupi na shangazi zako watauliza kama umesoma miaka yote hiyo ili upime maji. Kwa sasa milango mingi iko kwenye mikoko. Nenda Gazi, Kwale, nchini Kenya, ukaone Mikoko Pamoja: wanakijiji wanalinda hekta 117, na tangu 2013 wameuza kaboni yake, yaani wanalipwa kwa gesi ambayo mikoko imeinasa, fedha zikaingia kwenye maji na shule. Ila ujue kwamba sehemu kubwa ya kaboni ile haimo kwenye miti, imo kwenye tope, na mtu anayeitafuta huzama magotini, hukata tope hadi kina cha mita moja, hulikausha, hulipima, hulichoma. Harufu yake haitoki nguoni kwa foma moja.

Daftari liandikwe kwa penseli. Wino ukiloa unatoka, na mimi nina kurasa mbili za Februari ambazo mpaka leo sijui zinasemaje.