Kwa mnaokwenda kusoma Urusi: ujue mji wako kabla ya kufunga begi

Kila mwaka Septemba ikikaribia, wadogo zangu waliopata ufadhili huniandikia swali lilelile: "Kaka, baridi ya Urusi mnaivumiliaje?" Nami huwarudishia swali: umepangiwa mji gani? Wengi hawajaangalia hata ramani. Wanajua Moscow, basi.

Urusi ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 17 na kanda za saa 11. Moscow inakwenda kwa saa zilezile za Dar es Salaam na Nairobi, tangu Oktoba 2014. Ukiwa Moscow, Kazan au Voronezh, mama akikaa kuangalia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na kwako ni saa mbili usiku. Ukipangiwa Novosibirsk, saa hiyo kwako ni saa sita usiku. Vladivostok ni saa tisa, umeshalala. Hata baridi hailingani. Voronezh, nilikosoma mwaka wa lugha, ule tunaouita podfaki, majira ya baridi yanavumilika kwa koti zuri na viatu vya soli nene. Yakutsk wastani wa Januari uko chini ya nyuzi 35 za hasi, na majengo yamesimamishwa juu ya nguzo kwa sababu ardhi ya chini imeganda mwaka mzima. Sasa ukiniuliza "Urusi ikoje", nikujibu ipi?

La pili ni majina. Hapa naomba mtulie, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza hela. Kuna Nizhny Novgorod, mashariki ya Moscow, pale mto Oka unapoingia Volga. Kuna na Veliky Novgorod, kaskazini-magharibi, kwenye njia ya kwenda St. Petersburg. Mwenzetu mmoja wa podfaki alikwenda kumtembelea binamu yake, akakata tiketi ya Novgorod isiyo yake, akalala stesheni. Rostov nazo ni mbili: ile kubwa ya kusini, kwenye mto Don, na ile ndogo ya kale katika mkoa wa Yaroslavl. Soma jina lote, mpaka neno la mwisho.

Halafu kuna majina yaliyobadilishwa. St. Petersburg ilianzishwa na Peter Mkuu mwaka 1703, ikawa Petrograd 1914, Leningrad 1924, ikarudia jina lake 1991. Lakini mkoa unaoizunguka unaitwa Leningrad hadi leo. Yekaterinburg nayo iliitwa Sverdlovsk tangu 1924 hadi 1991, na mkoa wake umebaki Sverdlovsk. Mzazi mmoja alinipigia simu akihema, anaamini kijana wake ametapeliwa: barua inasema chuo kiko Yekaterinburg, anwani inasema Sverdlovsk. Nilimweleza kwamba mji ulirudishiwa jina, mkoa haukurudishiwa. Akashusha pumzi. Angeweza kumzuia mtoto asisafiri kwa jambo hilo tu.

Volgograd nayo ndiyo Stalingrad ya vitabu vya historia. Iliitwa hivyo kuanzia 1925 hadi 1961, na kabla yake ilikuwa Tsaritsyn. Imejinyoosha kandokando ya Volga kwa makumi ya kilomita, kwa hiyo ukitafuta chumba huko, uliza kwanza kiko umbali gani na chuo.

Waislamu wengi huniuliza kuhusu Kazan. Ni mji mkuu wa Tatarstan, jamhuri iliyo ndani ya Urusi. Ulitekwa na Ivan wa Kutisha, mfalme wa Urusi, mwaka 1552, lakini Watatari, wenyeji wake Waislamu, na dini yao wapo mpaka leo. Msikiti wa Kul Sharif, uliofunguliwa 2005, uko ndani ya ngome ya kale ya mji, jirani na kanisa kuu. Nyama halali utaipata bila kuhangaika.

Reli: wakongwe watawaambia kwamba tiketi zote zinasoma saa za Moscow. Ilikuwa hivyo hadi Agosti 2018. Siku hizi tiketi inaonyesha saa za mahali, msije mkafika stesheni treni imeshaondoka.

Jambo jingine ambalo sikuambiwa na mtu: joto la nyumbani hufunguliwa na mji, si na wewe. Maji ya moto hutoka kwenye mtambo wa pamoja hadi kwenye batareya, kile chuma cha kupashia chumba joto kilicho chini ya dirisha lako, na huanza pale wastani wa joto nje unapokaa chini ya nyuzi 8 kwa siku tano mfululizo. Wiki zile za kungoja ndizo zilizonitesa kuliko Januari. Nililala na sweta mbili, batareya baridi kama jiwe. Blanketi zito libebeni kutoka nyumbani.

Na historia isomeni, hata kurasa tano tu. Mwaka wangu wa kwanza Voronezh, mama mzee aliyelinda mlango wa bweni hakunisemesha zaidi ya "propuski!", yaani kitambulisho. Kisha darasani tukafundishwa kwamba mwaka 1942 mstari wa vita ulipita katikati ya mji huu: Wajerumani ukingo wa kulia, jeshi la Kisovieti ukingo wa kushoto, mto kati yao, siku 212, hadi Januari 25, 1943. Karibu mji wote ulibomolewa. Jioni ile nilimuuliza, kwa Kirusi changu cha kubabaisha, familia yake ilikuwa ukingo upi. Akainuka kitini, akanishika mkono hadi dirishani, akanyoosha kidole ng'ambo ya maji. Mama yake, akasema, alichimba mahandaki pale akiwa na miaka 16.