Animesheni kwenye slaidi za kazini: niweke au niache?

Mkuu uliyeuliza kama uweke animesheni kwenye taarifa ya robo mwaka utakayowasilisha kwa menejimenti: weka, ila kwa kazi moja tu, kuficha kitu mpaka ufike wakati wa kukisema. Isiyoficha chochote ni mbwembwe, itoe.

Mimi niko Mwanza, kazi yangu ni ya mambo ya uvuvi. Leo naongea na mabosi kwenye kiyoyozi, kesho na viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo) huko mwaloni, projekta inategemea jenereta. Kote ni yale yale: ukiwatupia hoja sita kwa mpigo watazisoma zote wakati wewe bado unahangaika na ya kwanza.

Slaidi yangu ninayoipenda ina picha ya sangara wawili wamelazwa kando ya rula, haina neno hata moja. Nauliza: yupi anaruhusiwa kuvuliwa? Basi hapo ni kelele. Mmoja anasema wote halali, mwingine anataka aje mbele apime mwenyewe, wenye mitumbwi wanachekana. Nawaacha wabishane, ndipo nabofya na mstari mwekundu unatokea kwenye sentimita 50. Yule mdogo kaukosa kwa vidole viwili! Mstari ungekuwepo tangu mwanzo, ubishi wote ule usingekuwepo, na ubishi ndio niliofuata.

Kwa mabosi, fanya hivyo hivyo kwenye grafu. Zitokee pau za mwaka jana, uzieleze, kisha za mwaka huu. Animesheni ya Appear (kitu kinatokea papo hapo) inatosha, Fade (kinajitokeza taratibu) ukitaka ulaini.

Maandishi yanayodunda na kuzunguka waachie wa sendoff. Niliwahi kukaa kikao ambacho mtoa mada aliweka herufi ziingie moja moja, na sauti ya taipureta juu. Mkurugenzi akamwambia, "Kijana, turuke twende kwenye bajeti." Maskini, akawa anabofya tu, herufi zinaingia kwa foleni, watu wameinamia simu. (Kumbe ukiandika namba ya slaidi na kubonyeza Enter unaruka moja kwa moja. Wengi hawajui.)

Halafu kumbuka faili litaombwa baada ya kikao. Ukiligeuza PDF animesheni zote zinapotea, na vile visanduku ulivyovipandanisha ili kimoja kitoke kingine kiingie vinalaliana, hakisomeki hata kimoja. Vigawe kwenye slaidi mbili. Morph (ile inayosogeza na kubadili vitu ukihama slaidi) nayo ni nzuri, lakini kompyuta ya ukumbini ikiwa na PowerPoint ya zamani utaona Fade ya kawaida tu, na kwenye Zoom mtandao ukizingua inakatakata.

La mwisho: kwenye Slide Show ingia Set Up Slide Show, kuna kisanduku cha Show without animation. Siku ukiambiwa dakika zako ishirini zimekuwa tano, kitie tiki, kila slaidi itafunguka ikiwa kamili.