Uliza Ujibiwe: Shinrin-yoku ndo nini, na sisi wa Mwanza tunaifanyia wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Nyegezi, nasoma chuo. Nina rafiki yangu kila akienda kukaa kwenye mawe pale Capri Point anaposti picha anaandika "shinrin-yoku", nikimuuliza anasema ni Kijapani maana yake kutulia. Naomba unielezee vizuri, linatamkwaje, na je mtu ukiwa ziwani unaweza kulitumia? Sitaki niliseme mbele za watu halafu iwe sio.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako kakaribia ila hajafika. Shinrin ni msitu na yoku ni kuoga, kwahiyo ukiunganisha ni kuoga msitu, na hapo ndo wengi wanaanza kutafuta maji yako wapi. Maji hayahusiki kabisa. Wajapani hiyo yoku wanayo pia kwenye nikkoyoku, ambayo ni kuota jua, na kwenye kaisuiyoku, yaani kwenda kuogelea baharini, kwahiyo wao wakilisikia wanaelewa palepale kwamba mtu kajiachia mwili mzima, safari hii kwenye hewa ya miti, harufu yake, sauti zake na kile kivuli.

Kutamka wala usiogope. Vokali zao ni hizihizi zetu tano, na ile n wanaihesabu silabi inayojitegemea, kama unavyotamka n ya mwanzo kwenye "nchi", basi ni shi-n-ri-n-yo-ku. Kwenye sentensi sema "Jumamosi naenda kufanya shinrin-yoku", hata wenyewe wanasema hivyohivyo, wanaifanya.

Kingine, mtandaoni wanalipamba utadhani neno la mababu wa miaka elfu huko, wakati lilianza 1982. Aliyelileta ni Tomohide Akiyama, alikuwa mkuu wa idara ya misitu ya serikali ya Japani, kipindi hicho watu wamejazana mijini, kazi asubuhi mpaka usiku, na misitu wanayo tele, ndo serikali ikaanza kuwaita watu waende wakapumzike huko na wakienda waione thamani ya kuitunza. Msitu walioanzia ni Akasawa, mkoa wa Nagano, una miti inaitwa hinoki yenye umri wa miaka 300 na zaidi. Na unajua kwanini miti hiyo ipo mpaka leo? Zamani za utawala wa masamurai ilipigwa marufuku kuikata, watu wa kule wana msemo wa mti mmoja kichwa kimoja, ukikata mti na kichwa chako kinakatwa. Adhabu kali mno, siitetei, ila mimi hiyo habari inanigusa kuliko yote kwenye neno hili, maana bila watu kuzuiwa shoka kusingekuwa na msitu wa kuoga, na nikiangalia vilima vyetu vya Mabatini na Igogo, nyumba zimepanda mpaka juu ya mawe, miti imebaki mmojammoja, naona kabisa sisi tunalipenda neno kabla hatujalipa pa kukaa.

Sasa ziwani. Kukaa kwenye mawe Capri Point unaangalia maji, upepo unakupiga, hiyo Kiswahili kinayo tangu zamani, ni kupunga upepo, na wala haina upungufu wowote, rafiki yako aandike hivyo bila aibu. Shinrin-yoku inataka miti. Inataka pia mwendo wa taratibu sana, huna unapowahi, simu umezima au iko ndani ya begi, hamna stori nyingi, unagusa gome, unanusa jani, unasikiliza ndege, unaangalia jua linavyopenya kwenye majani (hata hilo wamelipa jina lake, komorebi). Ukitembea kasi ili upungue kilo, hilo ni zoezi, zuri ila ni kitu kingine. Na ukienda kupiga picha arobaini, umeenda kupiga picha.

Kwa hapa mjini mimi ningekwambia Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, boti dakika chache tu kutoka upande wa Capri Point, kuna miti, kuna swala, pimbi wamejaa kwenye mawe, mijusi ya rangi, na nenda mapema asubuhi kabla jua halijawa kali. Ukipata nafasi na nauli siku moja vuka ufike Rubondo, ule ndo msitu kwelikweli, kisiwa karibu chote ni miti. Na kama nyumbani kwenu ni Misungwi au Kwimba na wazee bado wana ngitili, lile eneo Wasukuma wanalifunga mvua zikianza ili kiangazi ng'ombe wapate malisho, miti nayo ikapata kupumua humo, omba ruhusa kwa mwenye nalo uingie utembee. Mimi hapo ndo naona hili neno linatukaa sawasawa, maana ngitili nayo ipo kwa sababu kuna watu walikubaliana kuacha.

SWALI: Dada, baba yangu ana presha, nimesoma hii kitu inashusha, aanze halafu aache vidonge? (Buzuruga)

JIBU: Asiache vidonge hata siku moja bila daktari wake kusema. Ni kweli Wajapani wamepima, walipeleka watu kwenye misitu 24 tofauti wakalinganisha na waliotembea mjini, na wa msituni presha na mapigo ya moyo vilikuwa chini, na ile homoni ya stresi pia. Dokta Qing Li wa Tokyo naye mwaka 2005 aliwapeleka wafanyakazi 12 wa ofisini msituni siku tatu, akakuta seli za kinga mwilini zimechangamka, akahusisha na mafuta mepesi ambayo miti inayatoa hewani kujikinga na wadudu na ukungu. Ila watu 12 ni wachache, na wote walikuwa wazima. Mpeleke mzee akatembee chini ya miti, tena nenda naye umshike mkono kwenye mawe, na vidonge ameze kwa saa zake.

SWALI: Mimi nilijua kuoga ni kuoga, nikawa naingia ziwani pale kwenye magugu nakaa kimya nusu saa. Nimekosea?

JIBU: Ndugu yangu toka humo leo. Kwenye maji ya kina kifupi yenye magugu ndo konokono wa kichocho wanapokaa, vijidudu vyake vinapenya kwenye ngozi hata kama huna kidonda, na nusu saa inatosha na kubaki. Nenda kituo cha afya upime mkojo na choo, waambie umekuwa ukiingia ziwani, dawa ipo inaitwa prazikwanteli. Usisubiri mpaka uone damu kwenye mkojo. Ukishapima, shinrin-yoku yako ifanye nchi kavu, chini ya mti.