Lantana inarudi kila tukiifyeka: tuchome moto au tupulize dawa?

SWALI: Ninasimamia msitu wa asili wa hekta zipatazo 400. Kingo zake na njia za zamani za kuvutia magogo zimejaa lantana, kichaka vamizi. Kila mwaka tunafyeka, na mvua ikinyesha inarudi nene zaidi. Wenzangu wengine wanataka tuchome moto, wengine tupulize dawa kote. Tufuate lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, usianze na lolote kati ya hayo. Lantana iliyofyekwa au kuungua huchipua tena kutoka shingo ya mzizi, pale shina linapoingia ardhini. Moto huua pia miche ya asili na kuingiza mwanga, na lantana hustawi kwenye mwanga.

Fukua udongo kidogo, kata mzizi mkuu kwa sululu sentimita chache chini ya shingo hiyo, kisha pindua kichaka mizizi iwe juu. Usiyaache matawi yalale kwenye udongo wenye unyevu, yataota mizizi. Kwa mashina yaliyokushinda, kata karibu na ardhi na upake glifosati, dawa ya kuua magugu, kwa brashi juu ya kisiki papo hapo, jeraha likiwa bichi. Kandokando ya vijito tumia sululu peke yake. Kupuliza kote kutaua hiyo hiyo miche unayoitegemea. Kabla ya kung'oa, chungulia ndani ya kichaka: mara nyingi kuna miche ya asili inayohangaikia mwanga. Ifunge utepe ili wafanyakazi wasiikanyage. Kivuli chake ndicho kitakachoizuia lantana baadaye.

Najua macho yanavutwa na kingo zilizojaa, lakini anzia ndani, kwenye vichaka vichache vilivyojitenga, uje ukitoka nje. Ndege hula matunda yake meusi na kudondosha mbegu chini ya miti wanayotua, kwa hiyo kichaka kimoja kilichoachwa ndani ni hatari kuliko ukuta mzima wa pembeni. Ng'oa kabla matunda hayajaiva.

Mbegu hukaa udongoni miaka kadhaa, hivyo rudi kila baada ya mvua ung'oe miche ya lantana kwa mkono. Utaitambua kwa shina la pembe nne, jani la kukwaruza na harufu kali ukilifikicha. Mbuzi hawatakuokoa hapa: majani yana sumu inayodhuru ini.

Kwenye miteremko ng'oa kwa vipande, udongo usibaki wazi wote. Na bajeti ya mwaka huu usiimalize kwenye kung'oa. Tenga nusu kwa ajili ya kurudia. Kama fedha hazitoshi kurudia hekta 20, safisha 10.