Kabla ya kuchora mpaka wa kanda

Wanafunzi wapya wa jiografia ya binadamu hapa Tanga hukariri aina tatu za kanda kwa siku moja, kisha hukwama wanapopewa ramani tupu na kutakiwa kuonyesha kanda inaishia wapi. Jiulizeni kwanza ni kitu gani kinachoifanya iwe kanda moja.

Aina ya kwanza hutambulika kwa sifa moja iliyoenea pote. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ulienea katika tambarare za Muheza na Korogwe kandokando ya reli iliyoanzia bandarini, kwa kuwa majani huchakatwa kwenye korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi, palepale shambani, kisha nyuzi hizo, ziitwazo singa, zikahitaji njia ya kufika melini. Hapo mtachora mpaka kwa kufuata mashamba yenyewe.

Aina ya pili, ambayo ina kitovu na mienendo inayokizunguka, ndiyo iliyonikosesha. Nilipokuwa mwanafunzi niliambiwa nichore eneo linalotegemea soko la Tanga mjini, nami nikaupaka mkoa mzima rangi moja. Mwalimu wangu hakunikemea. Alinituma Segera, nikae njia panda asubuhi nzima nikiyaandika malori. Yale ya kabichi na karoti za Lushoto yalishuka Mombo, yakapita Korogwe, na yalipofika pale Segera mengi yakashika njia ya Chalinze kwenda Dar es Salaam. Utingo mmoja, aliyekuwa akikaza kamba juu ya shehena, aliniuliza kwa mshangao wa kweli kwa nini nilidhani mzigo wake unakwenda Tanga. Lushoto imo katika Mkoa wa Tanga, lakini kabichi ile ilikuwa ya soko la Dar es Salaam. Tangu siku hiyo ninawasihi wanafunzi waufuate mzigo, wamuulize mchuuzi gunia limetoka wapi, na wautafute ukingo wa kanda katika vijiji ambavyo nusu ya mazao huenda mji huu na nusu mji mwingine. Ukingo huo mara nyingi ni mpana, na kuuchora kwa mstari mwembamba ni kuipotosha ramani.

Aina ya tatu imo katika fikra na vinywa vya watu. Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Unguja, haina mkuu wa mkoa wala kibao barabarani, hata hivyo jina lake limedumu. Neno "pwani" lahitaji uangalifu zaidi: wenyeji wa Tanga ni watu wa pwani, ilhali Mkoa wa Pwani ni mwingine, wenye Bagamoyo na Kibaha ndani yake. Mzee wa Pangani akiwaambia, "Sisi watu wa pwani," msiandike jina la mkoa. Andikeni neno lake kama alivyolitamka, mwombeni awatajie pwani yake inaanzia wapi na kuishia wapi, na jibu lake likitofautiana na la jirani yake, yawekeni yote mawili kwenye ramani.